Fonsie na Wasomi wa Kinamasi

Gazeti la mkoa lilikuwa limeloa bia, lakini habari ilisomeka bado: maprofesa mia mbili wametua katika mji mdogo wa Cloonagh kujadili Ireland na mazingira yake, siku tatu, pale hotelini.

"Mia mbili," alisema Askofu, mchimba makaburi mstaafu aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kuhukumu watu. "Wamepanda ndege kutoka kila kona ya dunia, waje kutuambia moshi wa jikoni kwetu unachafua hewa."

"Na mada zenyewe sasa," alidakia Boston, aliyeishi Marekani miaka mingi na hajamruhusu mtu asahau. "Sikia hii: 'Tope kama Kumbukumbu.' Nyingine: 'Mvua na Nafsi ya Taifa.' Bwana, mimi mvua imeninyeshea tangu asubuhi, nafsi sijaiona, nimeambulia mafua."

Attracta, mwenye baa, alicheka huku akichochea moto. Mboji kavu iliyokuwa ikiwaka, ule udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni, ilitoka kwa Fonsie Gilhooly, aliyejikunyata mwisho wa kaunta, bia yake nyeusi haijaguswa. Fonsie huikata kwenye kinamasi alichoachiwa na baba yake, na kinamasi hicho ndicho wasomi wanataka kifungwe, mtu asikate tena mboji.

"Fonsie, una nini leo?" Attracta alimuuliza.

"Sina kitu."

"Unacho. Sema."

Alikohoa. "Yule profesa Mjerumani, Ulrike, alikuja kwangu jana. Aliniomba nikaseme mkutanoni kesho. Jukwaani kabisa."

Baa nzima ikageuka.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hapana, mimi nani hata nikawapotezee muda watu waliosoma."

"Safi kabisa," alisema Askofu. "Alipokubembeleza je?"

"Hakubembeleza. Alishukuru, akaenda zake."

Attracta aliweka kitambaa chini. Cloonagh hata chai mtu haikubali mpaka aombwe mara ya tatu. Hapana ya kwanza ni kama salamu tu.

"Kwenye hapana ya kwanza?" Askofu hakuamini. "Mtu mzima na shahada zake?"

"Kwani ulitaka kwenda?" aliuliza Boston.

"Nilitaka mpaka usingizi ukakatika," alisema Fonsie. "Miaka yote hii wanakikalia vikao kinamasi changu, hakuna aliyeniuliza neno. Kaja wa kwanza, nami nikaleta adabu."

Ilimuuma kweli. Na hapo mlango ukafunguka, akaingia Ulrike mwenyewe, koti likichuruzika.

"Bwana Gilhooly, nimekuja kukuuliza tena. Labda umebadili mawazo?"

Fonsie alihesabu kimoyomoyo. Hiyo ilikuwa ya pili. Ilibaki moja tu.

"Aa, mama wewe. Nitawaambia nini mimi?"

Askofu alifumba macho. Attracta alimkonyeza profesa mpaka kope zikamchoka.

"Nimekuelewa," alisema Ulrike kwa heshima zote. "Sitakusumbua zaidi." Akamgeukia Boston. "Na wewe, bwana?"

"Saa ngapi?" alisema Boston.

Profesa alipotoka, amefurahi, Askofu alimvaa Boston. "Huna hata haya. Mara ya kwanza tu?"

"Kule nilikokaa, ukikataa chakula unalala na njaa."

"Kinamasi chenyewe unakijua? Mara ya mwisho ulizama mpaka kiunoni, tukakuvuta kwa trekta."

"Ndiyo maana Fonsie ataniambia la kusema, nami nitalitema kama lilivyo. Au na hilo unakataa, Fonsie?"

Fonsie alishafungua kinywa. Aliisikia hapana ikipanda yenyewe kooni, na kwa mara ya kwanza maishani akaichukia. Akavuta kiti mpaka kwa Boston.

"Anza kwa kuwaambia nilikataa mara mbili."

"Halafu?"

"Halafu waambie kwetu hiyo ni ndiyo. Na kabla hawajakifunga kinamasi, waje waniulize tena."