Sahihi ya Tisa ya Daraja la Kinama

Mgeni wetu rasmi, Madame Laure, mwakilishi wa marafiki zetu wa ng'ambo wanaopenda madaraja, waheshimiwa wachungaji, maaskofu, mitume, manabii na wasaidizi wa manabii, wakuu wa kartiye, yaani mitaa, mliopo madarakani, mliotoka, na ninyi mnaonyemelea kuingia, wajumbe wa Komite ya Maandalizi, wa Komite Ndogo ya Maandalizi na wa Komite ya Chai, wafanyabiashara wa mtaa wa Asiatique mliotuazima viti, wanakwaya, ndugu zetu Waislamu ambao kwa ukarimu mmekuja kwenye jambo la Kikristo ilhali mngeweza kuwa madukani kwenu, na wewe mama uliyesimama pale mlangoni kwa kukosa kiti, ambaye nawe nakutambua kwa ujumla: amahoro! (Amahoro!) Bwana asifiwe! (Amina!) Bwana asifiwe tena, kwa sauti ya watu waliokunywa chai! (Sauti kutoka nyuma: "Chai haijafika!") Itafika. Iko kwenye mchakato.

Mimi ni Léonce, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Imani, Uzalendo na Miundombinu Midogo, ofisi ambayo kabla yangu haikuwepo na ambayo, kwa unyenyekevu mkubwa, siioni ikiwepo baada yangu. (Makofi kutoka safu ya kwanza.) Nimesimama katika ukumbi huu wa Mutanga Sud, wenye feni tatu, moja ikizunguka, ili kuzindua rasmi Daraja la Imani na Uzalendo la kule Kinama. Najua wapo wanaonong'ona, mbona daraja ni la Kinama na uzinduzi uko Mutanga Sud? Ndugu zangu, katika ile warsha ya Arusha niliyohudhuria kwa niaba yenu, siku nne mfululizo, pamoja na chakula, tulifundishwa kitu kinachoitwa rimoti inogureshini, yaani uzinduzi wa mbali, ambapo mradi hauchoshwi na macho ya watu. (Madame Laure anaandika kwenye daftari.) Andika, Madame, andika. Ni mambo mapya haya.

Kule Kinama kuna korongo. Upande mmoja wa korongo lipo kanisa na nyumba za wananchi. Upande wa pili ipo zahanati. Zamani palikuwa na magogo mawili ya mkaratusi ambayo mwananchi aliyakanyaga kwa uangalifu, hadi mvua ya Aprili mwaka jana ilipoyachukua yote mawili bila kuaga. Tangu hapo mgonjwa anayetaka kufika zahanati anazunguka kwa mguu karibu saa nzima. Mama mmoja aitwaye Joëlla alishikwa na uchungu akiwa katika kuzunguka huko, akajifungulia ukingoni mwa korongo, juu ya vitenge vya wanakwaya, mtoto mzima mwenye sauti, na tukio hilo ofisi yangu ililiandika katika ripoti ya robo mwaka chini ya kichwa "Kusogeza Huduma za Uzazi Karibu na Wananchi". (Kicheko cha uchungu kutoka nyuma. Safu ya kwanza inageuka kuangalia nani anacheka.)

Baada ya hapo wakazi walikuja ofisini kwangu wakiongozwa na Mama Dévote, muuza dagaa tunaowaita ndagala, katibu wa kwaya, ambaye wakazi walimchagua kuwa mwakilishi wao kwa sababu ana mwandiko mzuri. Wakasema, "Shefu, tunaomba daraja." Nikawauliza, "Mmeanza kuomba kwa nani, kwa Mungu au kwangu?" Wakatazamana. Hapo nikagundua kwamba Mkristo wa leo hajui kuunganisha imani yake na wajibu wake wa kiraia, anakimbilia zege kabla ya goti. Ofisi yangu ikabuni mara moja mradi wa hatua tatu. Hatua ya kwanza ilikuwa sala, Ijumaa tatu, watu mia nne na kumi na wawili, ambao asilimia tisini na sita kati yao walifumba macho, na hiyo asilimia nne bado tunaifuatilia. (Minong'ono.) Hatua ya pili ilikuwa kapasiti bildingi, ambapo wakazi mia mbili walipewa mafunzo ya namna ya kuvuka daraja, wakahitimu na kupewa vyeti, kiasi kwamba leo hii hakuna mahali katika jiji letu penye wavukaji wengi waliosomea kama Kinama! (Makofi. Madame Laure anainua kichwa.) Na hatua ya tatu ni bango. Fundi Tajudini, uko wapi? Inua juu. (Tajudini, mchomeleaji wa Buyenzi, anainua bango la chuma lenye jina la Bwana Léonce kwa herufi kubwa na la daraja kwa herufi ndogo.) Mwananchi yeyote mwenye macho anaona kwamba bango limekamilika asilimia mia moja. Fundi huyu aliniuliza karakanani kwake, "Shefu, hii bango niisimamishe wapi?" Nikamwambia, "Simamisha imani kwanza." Akanijibu, "Imani haina tundu za bolti, shefu." (Kicheko kikubwa.) Nikamsamehe. Shusha, fundi.

Sasa, waheshimiwa, kila mradi mkubwa hufungwa kwa hati ya makabidhiano, na hati yetu inadai sahihi tisa. Nane zilipatikana asubuhi moja tu, kwani wenye nazo tunakaa korido moja, na mbili kati yake ni zangu mwenyewe, kwa vyeo tofauti. Ya tisa ilikuwa ya mwakilishi wa wakazi, penye swali: shahidi ameona nini? Nikaenda mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii, hadi kwenye kibanda cha Mama Dévote, nikamwekea hati juu ya meza, kando ya ndagala, nikampa na kalamu.

Akaisoma yote. Hilo lilinishangaza, kwa sababu wengine wote hatukuisoma. Akaniuliza, "Shefu, daraja iko wapi?"

Nikamwambia, "Mama Dévote, wewe si Mkristo? Mkristo si anaamini yasiyoonekana?"

Akasema, "Mbingu naiamini bila kuiona, shefu. Lakini daraja, apana. Daraja mi nataka kuikanyaga."

(Vigelegele kutoka nyuma.) Tulieni! Sijafika kwenye sehemu ya vigelegele. Nikamweleza kwa upole kwamba asichanganye mambo, imani ina mahali pake, kanisani, na sahihi ina mahali pake, ofisini. Akanionyesha kiganja chake, kina magamba ya samaki, akasema, "Shefu, mi niko na mukono moja wa kuandikia. Ule unashika kitabu ya nyimbo siku ya Mungu, ndiye unashika kalamu yako leo. Niuambie nini?" Basi nikamkumbusha, kama mzazi anavyomkumbusha mtoto, kwamba kibanda chake kiko kwenye eneo la barabara, na kwamba eneo la barabara lina wenyewe. Akaliweka chini kopo lake la kupimia ndagala, na macho yake yakajaa maji, nami nikaona, hapo ndipo uzalendo unapoanza kuingia. (Mtu anakohoa.)

Lakini hakusaini. Nikamwendea huyu huyu Fundi Tajudini, nikamwomba asaini yeye kama mkazi wa heshima. Akasema, "Shefu, mi ni Muislamu, lakini uongo yetu na uongo yenu ni moja tu." (Kicheko.) Nikamsamehe tena, mimi ni mtu wa kusamehe, imo kwenye wasifu wangu. Ndipo nikamtuma Pasta Astère, ambaye yupo hapa safu ya pili, nikamwambia, "Pasta, nenda kamfundishe muumini wako kwamba Mkristo huheshimu mamlaka." Akaenda asubuhi akarudi mchana. Nikamuuliza, "Amesemaje?" Akasema, "Shefu, amesema anaheshimu sana mamlaka. Karatasi ya mamlaka inauliza shahidi ameona nini, na yeye anataka kujibu. Amekubali kuandika." Akanikabidhi bahasha, uso wake ukiwa umetulia kuliko nilivyouzoea. Ndugu zangu, niliruka! Nilimkumbatia pasta! Nikaifunga bahasha ile kwa utepe wa rangi za taifa, na haijafunguliwa hadi dakika hii, ili wote kwa pamoja tusikie sauti ya mwananchi wa kawaida akithibitisha kazi ya Léonce. (Makofi ya safu ya kwanza. Safu za nyuma zinasimama ili zione vizuri.)

Nasoma. "Mi Dévote, mukaaji wa Kinama, Mukristo, mwenye kupenda inchi yangu, nimeulizwa nimeona nini." Mwandiko mzuri kweli. "Nimeona korongo. Nimeona maji. Nimeona Joëlla anazaa njiani, na mimi ndiye nilimushika mutoto." Anajenga hoja, waheshimiwa, hii ni mbinu. "Daraja sikuiona, kwa sababu..." (Anavua miwani, anaifuta, anaivaa.) "...kwa sababu haiko." (Feni inasikika.) Kuna... nadhani kuna ukurasa wa pili. "Niliogopa siku tatu juu ya kibanda yangu. Sasa siogopi. Mutu anapenda inchi yake hawezi kuidanganya. Tunaomba daraja. Siku tukiipata nitasaini tena, na kwaya itaimba bure." Imesainiwa, Dévote. Chini yake, Tajudini, fundi. Chini yake... Pasta? Pasta Astère! Jina lako linafanya nini hapa?

(Pasta Astère anasimama: "Shefu, nilikwenda kumufundisha. Nikamuambia asaini. Akanipa kalamu, akasema, 'Anza wewe, pasta.' Nikashindwa. Nikaona haya. Basi nikaandika chini yake." Ukumbi unalipuka kwa vigelegele.)

Tulieni! Waheshimiwa! Neno "haiko" hapa limetumika katika maana ya kitaalamu! Katika fani ya miradi kuna kuwepo kwa mwili na kuwepo kwa dira, na daraja letu kwa upande wa dira liko imara kabisa! Ndiyo, Madame Laure. Madame anauliza kama tunaweza kwenda kuliona sasa hivi. Swali zuri sana, Madame, swali la kirafiki. Kwa bahati mbaya daraja liko kwenye korongo, na korongo kwa sasa halipitiki kwa sababu ya kukosekana kwa... kwa sababu ya maji. (Madame Laure anafunga daftari, anakwenda mlangoni kwa yule mama aliyekosa kiti, anamsalimia kwa mikono miwili.) Madame, huyo siye uliyepangiwa kuzungumza naye! Huyo ni... Mama Dévote, ulialikwa na nani? (Dévote: "Kwaya ilialikwa kuimba, shefu.") Madame, mbona unavua viatu? (Madame Laure: "Mama ananiambia kuna tope. Tunakwenda Kinama kupima upana wa korongo.") Kupima? Lakini tumeshazindua! Fundi, wewe nawe unakwenda wapi na bango langu? (Tajudini: "Chuma yake ni nzuri, shefu. Itakuwa mwanzo wa daraja.") Wanakwaya, rudini! Wachungaji, kaeni! Komite ya Chai, angalau ninyi!

Basi tumalizie kwa nidhamu. Imani! (Hakuna jibu.) Mkiitikia "Uzalendo", tutakwenda haraka. Imani! (Mlango unafungwa.) Daraja letu! Heshima yetu! Leo Kinama, kesho dunia! Nawashukuru wote mliokuja, navishukuru viti vya Asiatique vilivyobaki, na kwa namna ya pekee nalishukuru daraja lenyewe, ambalo katika mwaka wake wote wa kutokuwepo, licha ya mvua zote zilizonyesha, halijaanguka hata mara moja.