Penzi Zito Kuliko Kiini cha Atomu

Jumatano, 6 Agosti
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Yusnidar wangu kanimenyea matunda ya rambutani, moja moja, mpaka nikaona haya.
Chumba chetu ndicho bora katika nyumba ya ukoo wake: cha mwisho, madirisha mawili, hupewa bibi harusi mpya. Sutan Bandaro, mume wa dada yake Yusnidar, alihamishwa kutoka humo ili atupishe. Amenuna tangu siku hiyo. Leo kamwambia mama mkwe kwamba mimi ni jivu juu ya kisiki, upepo ukija sipo, basi arudishiwe chumba. Mama mkwe kasema Jumapili mjomba mkubwa, Datuk, ataamua.
Jivu? Mimi?

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata dawa! Yusnidar anafundisha fizikia. Nimechungulia kitabu chake: hakuna kilichobanwa uzito kama kiini cha atomu. Nitatarizi msongamano wake kwenye mahameli: kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Juu yake: HUU NDIO UZITO WA PENZI LANGU. Datuk akiona, kwisha!
Nimepiga hesabu peke yangu. Uzito wa protoni nikaugawa kwa ujazo wake. Femtometa, kipimo cha vitu vidogo hivyo, nikazigeuza mita, kumi kwa kipeo hasi kumi na tano. Jibu: 0.00000000000023. Sifuri zote hizo! Lazima ni zito.

Jumamosi, 9 Agosti
Uzi wa dhahabu umeishia sifuri ya tisa. Nimefumua kofia yangu ya harusi. Penzi halina bei.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetundika mbele ya ndugu kumi na wanne. Kisha Sutan Bandaro, muuza mchele, akaanza kuhesabu sifuri kwa kidole. Akaangua kicheko. Eti bwana harusi, mbona hata pumba za mpunga zinakushinda kwa mizani!
Yusnidar alijifunika uso, mabega yakitikisika. Akanieleza taratibu, kipenzi changu: femtometa nilizigeuza mara moja tu, na ujazo una urefu, upana na kimo. Ilitakiwa mara tatu. Jibu sahihi ni ishirini na tatu na sifuri kumi na sita nyuma yake. Penzi langu lilikuwa jepesi kuliko hewa tuliyokuwa tukiivuta.
Sutan Bandaro akadai chumba chake papo hapo. Datuk akafuta machozi ya kicheko, akaingia chumbani kwetu, akapiga kisigino sakafuni. Mbao zikalia. Mchwa, akasema. Sutan Bandaro ana kilo tisini na sita. Siku mbili tu ataamkia chini ya sakafu, kwenye banda la kuku. Jivu likae hapo hapo juu ya kisiki.
Chumba ni chetu! Yusnidar kanibusu mbele ya mama yake!

Jumatatu, 11 Agosti
Hesabu imenipa chumba, hesabu itakipamba. Nimemnunulia Yusnidar tangi la kioo la samaki wa dhahabu, mita moja kila upande, miguuni pa kitanda. Sikusahau sakafu: mita ni sentimita mia, kwa hiyo maji ni sentimita mia za ujazo. Kila moja gramu, jumla gramu mia! Embe linazidi.
Sutan Bandaro kauliza vipimo mara mbili, kisha kaniletea mpira wa maji mwenyewe, bila kuombwa. Anatabasamu. Tena kawahamisha kuku wote kutoka chini ya chumba chetu, eti wasisumbue usingizi wetu.
Hatimaye ananiheshimu! Nafungulia maji sasa hivi.