Cheti cha Kufuli

Gazeti la asubuhi liliwakuta marafiki watatu kwenye meza yao ya dirishani, ndani ya soko la mji wa Oulu, Ufini, kahawa ikiwa bado ya moto na maandazi sahanini. Liliandika kwamba watafiti wamegundua prosesa fulani, yaani bongo za kompyuta, zilitoka kiwandani zikiwa na njia ya siri: anayeijua namba yake anaingia na kutawala kila kitu bila kupiga hodi. Mji wa Oulu uliziona za bei rahisi, ukazinunua na kuzifunga kwenye mitambo inayopasha nyumba joto.

Taisto, ambaye wenzake walimbatiza Kufuli kwa kuwa kazi yake ilikuwa ukaguzi wa kompyuta, aliisoma habari hiyo mara mbili. Cheti cha usalama wa prosesa zile kilikuwa na saini yake. Na nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Hilkka Redio, ambaye hajawahi kukaa na siri hadi jioni, akauliza kwa upole wa kutilia shaka.

"Kufuli, si wewe uliyezikagua?"

"Ni mimi."

"Ulizifungua?"

Taisto akaanza hadithi ndefu, eti prosesa haifunguliwi kama kopo la samaki, ndani mna vijidude mabilioni, utazeeka ukihesabu. Urpo Jeki, fundi magari, alisikiliza hadi akachoka.

"Sasa bwana, ulikagua nini?"

"Karatasi ya kiwanda. Waliandika hamna njia ya siri. Watu wastaarabu, wana hata muhuri."

"Loo! Fisi kapewa bucha," akasema Hilkka, "na wewe ukamwandikia barua ya sifa."

Urpo akajifanya kumtetea. Si hapa kwetu mtu akiondoka nyumba yake ya ziwani huegemeza ufagio mlangoni, na kila apitaye akajua hamna mtu, asiingie? Kufuli aliona ufagio, akaheshimu. Ila wezi wa namba, Urpo akaongeza, hawajafundishwa habari za ufagio.

Taisto hakucheka. Aliona aibu, lakini zaidi alimwona akilini mama yake, miaka tisini na mmoja, ghorofa ya nne, nyumba imepoa kwa amri ya mtu asiyejulikana. Akainuka, akaenda kando na simu, akawaambia wakubwa wa mji wazime prosesa zile, waiendeshe mitambo kwa mkono, na wafute cheti chake, kwani hakukagua chochote. Kulitamka hilo kulimuuma kuliko kung'olewa jino.

Aliporudi, wenzake walishaondoka. Andazi lake la iliki, ambalo hata hakuwa ameligusa, halikuwepo. Sahanini palibaki karatasi ya kufutia mikono yenye mwandiko wa Hilkka:

"Tumekagua. Hakuna aliyekula andazi. Wakaguzi: Hilkka na Urpo."

Chini yake walikuwa wamegonga muhuri kwa kitako cha kikombe cha kahawa.