Kompyuta Iliyopakwa Sandali

Jumanne, 8 Oktoba 2019

Jana Sikukuu ya Zana. Hatukufanya kazi, kama inavyopasa. Zana hupumzika, sisi huziabudu. Kompyuta yangu ya mezani niliipa heshima zote: rojo zito la sandali ubavuni mwa kasha, ilipo ile safu ya vitundu, nukta za unga mwekundu juu ya sandali, koja la maua ya manjano kutoka mbele hadi nyuma. Kafuri. Vijiti kumi na viwili vya ubani. Binti yangu Poongodi aliuliza kama vitundu vile havina kazi. Nikamjibu kwamba vina kazi, ndiyo maana nimevipaka.

Leo saa tano asubuhi ikaganda. Mshale umesimama. Kibodi haijibu. Nikazima, nikawasha. Saa sita ikaganda tena!

Sababu naijua. Kathirvel, mwenye duka la kuchapa hati lililo mkabala na langu, jana alisimama mlangoni kwake akaitazama mashine yangu muda mrefu. Kisha akasema, “Imependeza, Mwalimu.” Mtu kama yule hasifu bure. Husuda!

Tiba: ndimu na pilipili zitundikwe mlangoni kufukuza kijicho, na sandali tabaka la pili.

Jumatano, 9 Oktoba

Mzee Govindan alikuja kuchapiwa hati ya kiwanja. Ukurasa wa pili, ikaganda. Mzee akangoja, akakohoa, akauliza kama marehemu atazikwa leo au kesho. Kisha akavuka barabara. Kathirvel alimpokea kwa kiti na chai.

Nimeigeuza meza ili mashine ielekee mashariki, mgongo wake umebanwa ukutani asipatikane wa kuitazama kwa nyuma. Nikaizima, nikaiombea saa nzima. Ilipowaka ikafanya kazi dakika arobaini bila kosa. Hesabu iko wazi: sala ya saa moja huzaa kazi ya dakika arobaini.

Poongodi amenikumbusha fomu yake. Kazi ya ukutubi serikalini. Hutumwa kwa kompyuta tu, na mwisho ni Ijumaa ya tarehe 18, saa kumi na moja jioni. Desemba atatimiza miaka arobaini, na baada ya arobaini serikali haimtaki mtu. Miaka kumi na mmoja amechapa katika duka hili, tangu mumewe aende Ughaibuni na kusahau njia ya kurudi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hii ndiyo ya mwisho. Nikamwambia tutaijaza kwenye mashine yetu, nami nitasimamia. Binti wa mtu mwenye kompyuta haendi kuazima kwa jirani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimegundua. Ni umeme! Nyaya zangu na za Kathirvel zinatoka nguzo moja. Yeye ana mashine mbili na friji ya soda. Ananinyonya. Nimeiandikia Idara ya Umeme malalamiko ya kurasa tatu, hakuna kosa hata moja la sarufi. Kompyuta iliganda nilipofika neno “mwizi”. Nikamalizia kwa mkono. Nilifundisha sarufi miaka thelathini na mmoja; mwandiko wangu hauhitaji umeme.

Jumamosi, 12 Oktoba

Fundi wa umeme amekuja upesi ajabu. Akapanda nguzo, akafuata nyaya kwa kidole, akashuka akiuliza ni nani mwenye huu waya wa kijani usiopita kwenye mita. Barabara nzima ilitoka kutazama. Waya ulikuwa wangu. Wa pangaboi. Niliufunga mwaka ule wa mafuriko, kwa muda tu. Ameukata.

Kathirvel akapaza sauti kwamba pole sana, Mwalimu, vumilia, joto litapungua Desemba.

Duka limekuwa tanuri. Mashine sasa inaganda kila baada ya dakika ishirini. Ni dhahiri kwamba fundi amehongwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Poongodi amemleta fundi wa kompyuta, Ilango, bila kunitaka ruhusa. Mtu mzima mwenye mvi, lakini ameingia na viatu. Akaweka kiganja ubavuni mwa kasha, akakiondoa haraka kama aliyegusa chungu motoni. Akalivuta kutoka ukutani. Akafungua, akachungulia, akacheka mpaka akaketi sakafuni.

“Mzee,” akasema, “hata wewe nikikuziba pua na mdomo nikakufunika blanketi, utaganda.”

Maelezo yake: ndani mna feni ndogo inayovuta hewa kwa vitundu vile. Sandali imekauka juu ya vitundu kama saruji. Maua yamefyonzwa ndani. Masizi ya kafuri yamemaliza kazi. Mashine inapata joto, inakata tamaa. Akaomba brashi na kitambaa kibichi. Dakika kumi tu.

Kitambaa kibichi! Juu ya sandali ya sikukuu! Nikamwuliza kama mama yake naye hupanguswa alama ya ibada kwenye paji la uso na mafundi wapita njia. Akajibu kwamba Mungu hana haja na vitundu, nimpakie mezani, meza haipumui. Poongodi alinisihi mara tatu. Hapo nikakumbuka: juzi nilimwona Ilango akinywa chai na Kathirvel.

Basi! Nimemtoa. Kasha nimelifunga mwenyewe. Skrubu tatu zimebaki. Bila shaka hazikuwa na kazi.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo mchana Poongodi ameomba avuke barabara, akajaze fomu yake kwa Kathirvel. Hakuomba kama mtoto. Alisimama mbele ya meza, mikono imetulia. Alisema Kathirvel mwenyewe amejitolea, tena bure.

Bure! Ndipo mtego ulipo. Kesho soko zima lingesema kwamba binti wa Mwalimu Sabapathi ameinuliwa kwa mkono wa Kathirvel. Nimevichukua vyeti vyake nikavifungia sandukuni, kwa usalama wake.

Akaniuliza: “Baba, unanitakia mimi kazi, au unataka kumshinda Kathirvel?”

Nikamjibu kwamba hapo “au” haikuhitajika, “na” ingetosha. Hakucheka. Hana sikio la lugha, maskini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku yenyewe. Poongodi alitaka tuanze saa tatu. Nikaanza na ibada, sandali tabaka la tano, ikafika saa nne na robo. Na kila Ijumaa, kuanzia saa nne na nusu hadi saa sita ni saa ya mkosi, ambamo mwenye akili hafungui jambo. Tukangoja. Poongodi alikuwa akiitazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu.

Saa sita na dakika moja tukaanza. Fomu ina kurasa nane. Ukurasa wa sita, ikaganda. Nikawasha kafuri. Tukaanza upya. Ukurasa wa saba, ikaganda! Kafuri tena. Tukaanza upya. Ukurasa wa nne.

Saa kumi na robo Poongodi alishika ncha ya sari yake, akailowesha kwa maji ya kunywa, akaipeleka kwenye vitundu. Nikamshika mkono. Hakunivuta wala hakunisukuma. Kisha akatoa ufunguo wa sanduku mfukoni mwangu, kama mtu achukuaye kilicho chake, akachukua vyeti, akavuka barabara mbio. Sijawahi kumwona akikimbia tangu aolewe.

Kathirvel alimwinua mteja kitini akampa Poongodi nafasi. Niliwaona kupitia mlango.

Saa kumi na moja na dakika chache Kathirvel alikuja mpaka kizingiti changu. Hakuingia. Alisema Poongodi alibakiza kuweka picha na sahihi, ukurasa ukafungwa.

“Dakika tano, Mwalimu,” akasema. “Tano tu.”

Nikamwambia kwamba mashine yangu ingewahi, laiti binti yangu angekuwa na subira. Akanitazama, akaondoka bila kuniaga. Adabu hana.

Poongodi amepika wali na mchuzi wa ukwaju. Amenipakulia. Yeye hakula.

Jumatatu, 28 Oktoba

Dipavali, sikukuu ya taa, imepita. Kwetu hatukulipua fataki hata moja.

Tangu Alhamisi Poongodi anafanya kazi ng'ambo, katika duka la Kathirvel. Ana mashine yake, ana pangaboi juu ya kichwa. Ameketi akinipa mgongo kutwa nzima. Mzee Govindan alikuja kunipa pole. Alisema mtoto akichoka huchoka, nisilie. Nani analia? Watu hawa hawaoni mbali. Hawatambui kwamba sasa nina mtu wangu ndani ya ngome ya adui. Nani mwingine sokoni amefanikiwa kupenyeza jasusi, tena kwa mshahara wa adui mwenyewe?

Jioni hii nilimwuliza taratibu: Kathirvel huzipaka nini mashine zake hata zisigande?

Aliweka sahani mbele yangu, akatoka nje.

Hakutoboa neno. Hata kwangu mimi, baba yake! Nimelea jasusi kamili.