Keki Niliyoipima kama Gunia la Korosho

Jamani, leo nimejiaibisha kwenye harusi ya watu. Harusi yenyewe sikualikwa. Najua video imeshafika kwenye simu zenu, kwa hiyo bora msikie kutoka kwangu.

Jumapili ijayo binti yangu Anjela anapata kipaimara. Tangu mwaka uanze ameomba kitu kimoja tu: keki ya fondanti. Ile iliyofunikwa sukari laini, imenyooka kama ukuta uliopigwa lipu. Na ana sababu. Kipaimara cha kaka yake Baraka tulinunua keki ya krimu Masasi, tukaipandisha Newala na jua lile. Kufungua boksi mbele ya wageni, krimu yote imeteremkia upande mmoja, na jina la mtoto limebaki nusu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baraka alikwenda kulia nyuma ya jiko. Sijasahau mpaka leo, na Anjela naye hajasahau.

Kwa hiyo mimi niko upande wa fondanti. Baba Baraka hataki. Kuna mtu kamwambia kwamba keki hizo ndani hazina keki, ni lile dude jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni.

"Mama Baraka, utawalisha wageni boksi la televisheni?"

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe nikakague, ndipo tuamue.

"Hapo sawa," akasema. "Kukagua ndiyo kazi yako."

Ni kweli, ndiyo kazi yangu. Kwa wasionijua, mimi napokea korosho kwenye ghala la chama chetu cha wakulima hapa Mnyambe, Newala. Mkulima akileta gunia simwulizi kama korosho zake ni nzuri. (Nani atasema mbaya?) Nachota chache, napasua kwa kisu, naangalia ndani. Nyeupe, zimepita. Nyeusi, rudi nazo nyumbani ukazianike vizuri. Na sampuli haichotwi juu ya gunia. Juu ndipo watu wanapopamba! Unachota katikati. Hiyo ndiyo elimu yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Asubuhi nikashuka Masasi kwa Mama Ashura, mpishi wa keki, anayefanyia kazi nyumbani kwake. Sebuleni ana kabati la kioo limejaa keki za kila rangi. Hata kukaa sikukaa.

"Samahani dada, hivi hizi ndani kuna nini?"

Akacheka. "Hizo za kabatini ni za maonyesho tu. Ndani ni lile jeupe la maboksi. Ya kuliwa napika mtu akishaagiza. Karibu ukae, nikakuletee kipande uonje."

Akaingia jikoni. Laiti angeniacha na mtu wa kunishika mkono.

Mezani, nje ya kabati, kulikuwa na keki ya ghorofa tatu. Nyeupe pe, ina maua ya waridi, nzuri mpaka inakera. Nikajiambia, hii nayo ya maonyesho, imekosa tu nafasi kabatini. Nikaigonga kwa kucha. Kimya. Nikainusa. Inanukia vanila! Ahaa, nikasema, hapa ndipo wanapowapata watu, wanapulizia harufu kwa nje. Kisu kilikuwa mkobani. (Ndiyo, natembea nacho. Msimu wa korosho usiniulize.) Mkono ukaenda wenyewe. Ghorofa ya katikati, upande wa mbele, nikapasua kipande cha pembe tatu, nikakivuta.

Keki! Keki ya kweli, ya njano, laini, imeiva mpaka ndani! Jamani nilifurahi. Nikauona uso wa Anjela hapo hapo. Nikakitia mdomoni chote.

Mama Ashura akatokea na kisahani chake. Akaniangalia mimi. Akaangalia keki. Akaangalia kisu.

"Mama... hiyo ni ya bibi harusi wa leo."

Nilitaka kuuliza wenyewe wanakuja saa ngapi, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Na haikuwa na haja. Vigelegele vilishafika mlangoni.

Wakaingia shangazi watatu wa bibi harusi, kutoka Lukuledi, sare ya kitenge na vilemba juu. Nikafanya kitu pekee kilichonijia: nikasimama mbele ya keki, tundu nikaliziba kwa mgongo. Sasa wakubwa wameingia na lazima waamkiwe. Nikasema "shikamooni". Ikatoka na makombo.

"Marahaba, mwanangu," akasema yule mkubwa wao, huku anapangusa kitenge chake taratibu. "Hebu sogea tuione keki yetu."

"Mguu umekufa ganzi, shangazi."

"Tukushike mkono?"

"Hapana, utapona tu."

Pembeni, Mama Ashura machozi yanamlengalenga. Hapo ndipo aibu ilipoingia moyoni kweli kweli. Nimekata mimi, jina linaharibika lake. Nikasogea.

"Ni mimi nimeikata," nikasema. "Huyu dada hana kosa lolote. Alikuwa jikoni."

Wote watatu wakainama kulitazama tundu. Yule mkubwa akaniinulia macho.

"Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Nilikuwa naangalia kama ni ya kweli, shangazi."

"Na ni ya kweli?"

"Daraja la kwanza."

(Sijui kwa nini nilisema hivyo! Ndivyo ninavyowaambia wakulima.)

Akanitazama kuanzia kilemba hadi ndala. "Weye kwenu wapi?"

"Newala."

"Mmakonde?"

"Mmakonde, shangazi."

Akawageukia wenzake, akapiga kofi kubwa. "Si nimesema! Mmakonde! Watani hawa watatumaliza Wamakua! Tumewaachia mashamba, sasa wametufuata mpaka kwenye keki!"

Kwa wasiojua mambo ya huku, mtani akikosa hapigwi wala hapelekwi polisi. Anatozwa faini. Nikaanza kufungua mkoba.

"Funga mkoba wako," akasema. "Hela hatuitaki. Tunakutaka wewe. Unakwenda nasi ukumbini."

Wakati wao wanacheka, Mama Ashura alishajifuta macho na kuingia kazini. Akachukua kile kipande alichotaka kunionjesha, akakishindilia kwenye tundu. Akakanda fondanti kidogo, akafunika, akalainisha kwa kiganja, akabandika waridi juu yake. Huoni hata mshono! Krimu ingekubali hivyo? Nikamwambia pale pale, "Dada, ya binti yangu ni fondanti, andika." Akasema nitulie kwanza, ameshika kazi.

Basi nikapelekwa Lukuledi. Na ndala zangu, na gauni langu la kwendea sokoni, katikati ya watu waliong'ara. Nikaambiwa nisimame karibu na keki, nisitoke. Ulipofika wakati wa kukata, MC akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, kabla maharusi wetu hawajakata keki, tunaye mkaguzi kutoka Newala. Yeye ameshaikata! Mtani, njoo utupe ripoti."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Simu juu, tochi zinawaka. Nikapewa kipaza sauti, na shangazi mkubwa nyuma yangu ananisukuma mgongoni, "Sema yote, usipunguze." Nikasema yote. Gunia, kisu, katikati ya ghorofa, mguu uliokufa ganzi. Upande wa bwana harusi wakapanda juu ya viti ili wanione vizuri. Mzee mmoja akapaza sauti, "Na unyevunyevu je, umepima?" Nilitamani ardhi ipasuke, niingie na ndala zangu.

Lakini nikamwona bibi harusi. Shangazi walikuwa wameniambia njiani kwamba binti amelia tangu alfajiri, hali wala haongei, kwa sababu anaondoka kwao. Sasa alikuwa anacheka mpaka shela imemwangukia begani. Akaniita. Akanilisha kipande kwa mkono wake mwenyewe, na mimi machozi yakanitoka mbele ya watu nisiowajua.

"Hiyo ni mara ya pili!" akapiga kelele MC.

Nimerudi nyumbani jioni. Video imepanda mlima kabla yangu. Anjela alikuwa mlangoni na simu ya baba yake, na baba mwenyewe namsikia chumbani anacheka huku amejiziba na mto. Mtoto wa miaka kumi na minne, mama yake anachekwa na wilaya mbili. Nilijua ataniambia nisije hata kanisani.

"Mama, umeagiza?"

"Nimeagiza."

"Fondanti?"

"Fondanti. Mama Ashura amekubali, ila amesema akaichukue baba yako."

Akanitazama. Akazima simu, akanikumbatia kwa nguvu.

"Bora umechekwa wewe leo, mama, kuliko nichekwe mimi Jumapili."

Basi ndugu zangu, chekeni usiku huu mmalize. Jumapili mnakaribishwa nyote, lakini sitaki kuona meno ya mtu isipokuwa yanatafuna.