Kuku Aliyebeba Sakafu

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote. Mimi, katibu wa klabu ya kompyuta, niliyesimama mbele ya kidato cha kwanza nikafundisha namna ya kuondoa mandhari ya nyuma ya picha, sijui namna ya kuondoa mandhari ya nyuma ya picha. Nilisoma kitabuni kwa sauti ya mtu anayejua. Wakapiga makofi.

Sasa yamenifika. Ijumaa ni maonyesho ya shule. Mwenye mchezo bora wa kompyuta atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta likizo nzima. Nyumbani hatuna kompyuta. Nikiukosa, likizo yangu ni kufagia na kusoma kamusi, na kamusi nimeshaimaliza.

Mchezo wenyewe: kuku mweupe anatembea uani akidonoa mahindi. Picha ya kuku nimeitoa mtandaoni. Nyuma yake kuna miraba midogo ya kijivu na nyeupe, na kitabu kinasema miraba hiyo maana yake hapo hapana kitu. Nimemweka kuku uani. Miraba imekuja naye. Anatembea amebeba kipande cha sakafu ya bafuni.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiamuru kompyuta isionyeshe rangi nyeupe wala ya kijivu. Imetii. Tatizo, kuku naye ni mweupe. Uani kumebaki kishungi chekundu, mdomo na miguu miwili, vyote vikitembea kwa adabu.

Mpinzani wangu amepita nyuma yangu. Tunamwita Rula, kwa sababu hata mkate haukati bila kuupima. Ameuliza kama kuku ameshaliwa au ndiyo kwanza ananyonyolewa. Nimejibu kwamba huyu ni kuku wa kisayansi. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Rula akasema dawa yake ni dakika tano, nikitaka atanionyesha. Nimemshukuru. Nimemkumbusha kwamba somo hilo nililifundisha mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya. Kuku akikimbia sana, nani ataona miraba? Nimemwongezea mwendo mara ishirini, nikamwita mkutubi ajaribu. Mkutubi amemfuata kwa macho kushoto, kulia, kushoto, kisha akavua miwani na kuomba maji. Amesema, “Mwanangu, kuku sijamwona, ila kichwa kinaniuma upande aliopita.”

Mwendo nimeupunguza. Miraba imerudi. Imebaki siku moja.

Alhamisi, 6 Machi

Mama ni fundi cherehani. Jioni hii alikuwa anamaliza shati la mteja, kitambaa cha miraba ya buluu. Nikamwambia amesahau mfuko. Akacheka, akaniambia niguse kifuani pa shati. Kumbe mfuko upo! Ameukata hivi kwamba miraba yake imekaa juu ya miraba ya shati, mstari kwa mstari, na jicho halishiki kitu. Akasema huo ndio ufundi, ukipishana hata uzi mmoja mteja anakurudishia shati lako.

Nikabaki nimeduwaa. Mama akauliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimepona.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika shuleni kabla ya kengele. Nimefuta ua wote: nyasi, mti, banda. Mahali pake nimetandaza miraba ya kijivu na nyeupe, ukubwa uleule. Kuku ametua, na miraba yake imepotea ndani ya miraba. Safi kabisa.

Akisogea kidogo tu, mistari inapishana na siri inatoka. Basi nimempiga marufuku kutembea. Anaruka miraba miwili kwa mkupuo, ili nyeupe iangukie nyeupe na kijivu iangukie kijivu. Si mmoja, si mitatu.

Rula ameangalia. “Katibu, huyo kuku au chura?” Nimesema ndivyo alivyolelewa.

Kisha mwalimu wa hisabati, ambaye ndiye jaji, akaketi kucheza. Hapo nikagundua kwamba mahindi sikuyapanga upya, na nusu ya punje kuku hawezi kuzifikia hata aruke mpaka uzeeni. Nikaanza kutafuta mlango. Mwalimu akaruka, akahesabu kwa vidole, akaruka tena. Akageukia watu akatangaza kwamba hatimaye kuna mwanafunzi aliyetengeneza mchezo wa namba shufwa na witiri, na kwamba punje zile ni mtego wa makusudi. Watoto wakapanga foleni mpaka mlangoni. Mimi niliinama kufunga kamba ya kiatu. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mchezo wa Rula, mbio za magari, ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mwalimu akashindwa kuchagua. Ufunguo tumepewa sote wawili, siku zangu na siku zake.

Baadaye Rula ameniambia pembeni kwamba chini ya mkia mistari imepishana, aliona tangu asubuhi na hakumwambia mtu. Akanipa karatasi: hatua tano za kuondoa miraba, mwandiko ulionyooka. Nimeona aibu. Nusura nimwambie ukweli. Badala yake nimemsifu mwandiko.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wa shule ameniita ofisini. Amesikia mimi ni bingwa wa picha. Anataka bango: yeye mwenyewe amesimama mbele ya geti la shule. Ila picha yake nzuri ni moja tu, na alipigwa mbele ya pazia la maua la ofisini. Pazia lisionekane. Bango anataka keshokutwa.

Nimesema, “Bila shaka, Mama Mkuu.”

Karatasi ya Rula ninayo, nimeihifadhi vizuri ndani ya kamusi. Nitaisoma nikipata nafasi.

Wakati wa mapumziko nimelipima pazia na kuhesabu maua yake, safu kwa safu. Kisha nimekwenda getini na utepe ambao Mama hupimia nguo. Upana wa geti ni mita sita. Mlinzi ameuliza ninapima nini. Nimemweleza kwamba geti lote litafunikwa pazia la maua kama lile la ofisini, halafu nitalipiga picha na kumbandika Mama Mkuu juu yake, ua juu ya ua. Nimemwomba ngazi.