Kufunguliwa kwa Kaunta ya Kilongwe

(Kumbukumbu za mkutano wa hadhara, Kijiji cha Ujamaa Kilongwe, milima ya Uluguru, Ijumaa moja ya mwaka 1977. Mgeni rasmi: Ndugu Rehani Pazi, Afisa Mratibu Mwandamizi Msaidizi wa Mapokezi, kutoka mjini Morogoro. Maneno yote ni yake, isipokuwa yaliyo kwenye mabano, ambayo ni yangu mimi Benedikto, Katibu wa Kijiji.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Makamu Mwenyekiti, ambaye nimeambiwa yuko shambani lakini kiitifaki yupo, Ndugu Katibu, unayeandika, Baba Paroko wa misheni, uliyetuazima kengele, Ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, Ndugu Mwalimu Laurenti, mkufunzi mkuu na mkufunzi pekee, wazee wetu, kina mama wa kabichi, kina mama wa karoti na kina mama wa mazao mengine ambayo muda hauruhusu kuyataja, vijana mlioko juu ya mfenesi, ambao ningependa mshuke, na nyinyi wasichana kumi na wawili mliosimama nyuma ya kaunta, manpawa ya taifa.

(Wasichana wanamwamkia mgeni kwa pamoja: Shikamoo. Mgeni anatafuta miwani yake. Wanangoja. Miwani inapatikana mfukoni, naye anaendelea.)

Ninayo furaha, ambayo si furaha yangu binafsi bali ni furaha ya kiofisi, kusimama hapa baada ya kuupanda mlima huu kwa miguu kuanzia asubuhi, si kwa sababu ya kukosa gari, maana gari lipo na liko katika matengenezo ya muda mrefu, bali kwa sababu sera ya ofisi yangu ni kuwafuata wananchi kwa kasi ileile wanayotembea wananchi.

(Makofi. Viatu vya mgeni viko mkononi mwa mgeni.)

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba mwezi Machi nilifika hapa nikatangaza Mradi wa Majaribio wa Kuwaandaa na Kuwasambaza Makarani wa Mapokezi wa Kijamaa kutoka Uluguru kwenda Taasisi za Jiji, kwa kifupi MMKKMMKUTJ, kifupi ambacho kamati yangu bado inakifupisha. Niliwaambia kwamba Dar es Salaam kuna maofisi, kuna mashirika, kuna mahoteli, na kila mahali pana mlango, na nyuma ya kila mlango lazima pawe na meza, na nyuma ya meza hiyo lazima akae mtu anayejua kumpokea mwananchi, kumsikiliza, kumwandika kitabuni na kumwelekeza. Fizibiliti stadi niliyoifanya mimi mwenyewe ndani ya basi, kati ya Mikese na Chalinze, inaonyesha kwamba asilimia sabini na tatu ya matatizo ya wananchi mjini huanzia mapokezi, na asilimia arobaini iliyobaki huishia hapohapo.

(Mwalimu Laurenti anahesabu kwa vidole, anaacha.)

Nikawaagiza mjenge kaunta ya mafunzo. Mmejenga. Nimeelezwa kwamba mbao hizi zilikuwa za mlango wa zahanati, na nasema hiyo ndiyo maana halisi ya kupanga, kwa sababu zahanati isiyo na mlango ina mapokezi wazi kwa saa ishirini na nne. Nikawaagiza mpate simu. Mzee Alois akachonga simu kwa mti wa mfuru, na mimi kama mtaalamu nathibitisha kwamba kwa uzito na kwa umbo haina tofauti na iliyo mezani kwangu. Halo.

(Mgeni ameinua simu ya mti. Anangoja kidogo. Anairudisha taratibu, kama mtu ambaye laini imekatika.)

Kwa miezi sita wasichana hawa wamejifunza kusimama, kukaa, kusimama tena, kugonga kengele, na kusema "Karibu, nikusaidie nini?" bila kuangalia chini. Nimearifiwa kwamba kijiji kizima kimezoea, hata mtu akija kuazima jembe anaandikishwa kitabuni kwanza. Haya ni mapinduzi, na ninasikitika tu kwamba unyenyekevu wangu unanizuia kumtaja aliyeyaleta.

(Mgeni anangoja atajwe. Mwenyekiti anakohoa, halafu anapiga makofi peke yake.)

Nachukua nafasi hii kumtolea mfano Ndugu Yustina, mmoja wa hawa kumi na wawili, huyu aliyetoka nyuma ya kaunta akakaa mbele juu ya sanduku lake la bati. Ndugu Yustina alikwenda Dar es Salaam mwaka jana kwa miguu yake na akili yake, akaomba kazi ya mapokezi mlango kwa mlango kwa muda wa siku tisa, na siku ya kumi akaokotwa pamoja na wazururaji na kurudishwa huku kwa lori la operesheni kwa sababu hakuwa na barua ya mwajiri, tukio ambalo ofisi yangu inalihesabu kuwa safari ya mafunzo. Mradi ulipotangazwa alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Matuta yake ya kabichi amemwachia mdogo wake Kristina, ambaye ameshaolewa nayo, yaani ameolewa na matuta yamekwenda naye. Kwa hiyo Ndugu Yustina leo hana tuta la kurudia, ana sanduku tu, na hilo kitaalamu tunaliita utayari wa asilimia mia.

(Yustina hacheki. Anasimama, anamwamkia tena mgeni: Shikamoo. Mgeni anageuza ukurasa.)

Sasa nije kwenye implementesheni. Wapo wanaonong'ona, na mnong'ono huo nimeusikia tangu chini kule mtoni, kwamba nafasi za kazi ziko wapi. Ndugu wananchi, wiki hii nilifunga safari hadi Makao Makuu, Dar es Salaam, mimi na mkoba huu na faili la mradi, nikafanya mashauriano mazito ya siku tatu mfululizo, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Nilipewa nafasi maalumu ya kukaa, karibu na dirisha. Niliwaona wakubwa wengi kwa macho yangu, wakipita. Nilipata fursa ya kusoma mabango yote ya ukutani, likiwemo la kuzima moto, ambalo sasa ninaweza kulisema kwa kichwa. Na siku ya tatu, ndugu zangu, nilikabidhiwa bahasha hii.

(Mgeni anainua bahasha ya kaki. Watu wote wanasimama. Yustina ameshika mpini wa sanduku.)

Bahasha hii imeandikwa juu yake, "Isomwe mbele ya watu wote wa Kilongwe," na mimi, kama mtu wa utaratibu, sikuthubutu kuifungua njiani, ingawa mwanga wa jua ulikuwa mkali na ningeweza kujaribu. Ndani yake umo uamuzi. Na tazameni, hata lori limekwisha fika na linasubiri pale chini.

(Lori ni la kabichi. Huja kila Ijumaa.)

Naona Mama Martina amenyoosha mkono. Swali kwa kifupi, mama.

(Mama Martina anasema: "Mwanangu, huko Makao Makuu mlangoni anakaa Felista wangu, huu mwaka wa tatu sasa. Alikwenda kuuliza njia tu, karani wa siku ile hakuja, watu wamejaa wanahangaika, naye akawasalimu akawapa viti, mpaka mkubwa alipotokea akamkuta anawapanga. Wewe ulikaa siku tatu. Hukumwona?")

Mama, swali zuri. Kwanza, njia hiyo ya kupata kazi si rasmi na ofisi yangu haiwezi kuiingiza kwenye takwimu. Pili, ndiyo, yupo binti pale, anavaa gauni la kijani, ndiye aliyenipa bahasha. Sikuuliza jina. Mimi nilikwenda kumwona Mkurugenzi, sikwenda kumwona binti wa mapokezi.

(Watu wanatazamana. Mwalimu Laurenti anaangalia kaunta.)

Bila kupoteza muda, naifungua na kuisoma neno kwa neno. "Kwa mama yangu, na wazee wangu wote wa Kilongwe, shikamooni. Mimi mtoto wenu Felista sijambo. Aliyewaletea barua hii alifika kwetu Jumatatu asubuhi. Nilisimama nikamwamkia. Hakuitikia, akauliza Mkurugenzi yuko wapi. Kwetu mtu asiyeitikia salamu ana msiba au ana hasira, na mtu wa namna hiyo haharakishwi, hupewa kiti akatulia. Basi nikampa benchi la dirishani atulie. Jumanne nikamwamkia tena, nikaona bado hajatulia. Jumatano alitulia sana, akalala..."

(Kicheko. Kimeanza kwa vijana wa mfenesini, kimefika mpaka kwa Baba Paroko. Mgeni anauliza kama lazima isomwe yote. Mwenyekiti anamwonyesha maandishi ya juu ya bahasha.)

"...akalala, na Mkurugenzi alipita mara nne. Nilichungulia jina kwenye faili lake nikaona Kilongwe imeandikwa, nikashtuka, nikaogopa kwamba mmeahidiwa nafasi hapa. Wazee wangu, hapa hakuna aliyepata kuusikia mradi huo, nimewauliza wote mpaka mpika chai. Msiwaache mabinti wakapanda lori bila barua, wataokotwa kama alivyookotwa Yustina. Yustina nilisikia habari zake baadaye, nikalia. Lakini karani mwenzangu ameolewa Tanga, kiti chake kiko wazi, nami nimemwomba mkubwa wangu, naye amekubali Yustina aje ajaribiwe kuanzia Jumatatu. Barua yenye muhuri imo humu ndani. Aishike mkononi njia nzima, asiiweke sandukuni. Wengine wavumilie. Mimi nakaa mlangoni, nafasi ikitokea ndiye ninayeisikia kwanza. Wasiache kusalimia."

(Barua ya pili imetolewa kwenye bahasha. Ina muhuri. Mama Martina analia na kucheka. Yustina ameipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaisoma tena, akaishika. Mgeni amevua miwani.)

Ndugu wananchi. Kama mlivyosikia kwa masikio yenu, mradi umefaulu kwa asilimia nane nukta tatu katika feizi ya kwanza, yaani mmoja kati ya kumi na wawili, jambo ambalo katika mkoa wetu halijatokea, hasa kwa mradi wa aina hii. Naomba tuseme pamoja. Mapokezi!

("Ni kazi," wanajibu watu watatu.)

Kaunta!

("Ya zahanati," anajibu Mzee Alois.)

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa uji na kwa karoti. Namshukuru Mkurugenzi, ambaye siku moja nitamwona. Namshukuru binti Felista kwa benchi, ambalo nilidhani ni heshima. Na nawashukuru nyinyi kwa kuupokea kwa moyo mkunjufu mradi ambao, nikisema kitaalamu, haujapewa namba, haujapata idhini, haujafunguliwa na mtu mwingine zaidi yangu, na ambao faili lake, hili hapa, lina karatasi tano tu, ndizo hizi za hotuba yangu. Ahsanteni sana.

(Mkutano ulifungwa saa tisa. Mgeni alivaa viatu, akauliza kwa sauti ndogo kama lori lina nafasi ya kumfikisha Morogoro. Yustina alikuwa ameshazunguka nyuma ya kaunta. Alimwambia: "Shikamoo." Mgeni alianza kusema yeye ni Afisa Mratibu Mwandamizi, akaacha, akasema: "Marahaba, mwanangu." Yustina akamwambia: "Karibu, nikusaidie nini?" Mgeni akamweleza. Yustina akampa kiti, akaenda kumuuliza dereva, akarudi kumwambia nafasi ipo, juu ya kabichi. Wasichana kumi na moja wanaobaki walipanga mstari wakamwamkia mgeni, mmoja mmoja, wengine wakiwa na machozi, naye aliwaitikia mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Nilihesabu. Mbao zitarudi kwenye mlango wa zahanati Jumatatu, na kengele amekabidhiwa Baba Paroko.)